Vishazi Tegemezi vya Wakati Uliopita: Kiingereza Kinaposimulia na Kiswahili Kinapofasiri

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya Kenya hukutana na sarufi mbili siku moja. Katika kipindi cha Kiingereza anafunzwa kuunganisha matendo yaliyopita kwa maneno yanayosimama peke yake: "when", "while", "before", "after", "since", "until". Katika kipindi cha Kiswahili anatarajiwa kuifanya kazi iyo hiyo kwa viambishi vilivyojificha ndani ya kitenzi: -po-, -ki-, -ka-, -me-, -ja-. Kwa kuwa hakuna anayempangia uhusiano wa sarufi hizo mbili, huupanga mwenyewe, na mara nyingi huupanga kwa kulipa kila neno la Kiingereza neno moja la Kiswahili.

Makala haya yanachunguza jinsi sentensi za Kiingereza zinavyofunganisha tendo la kishazi kikuu na tendo la kishazi tegemezi pale ambapo yote mawili yamekwisha kupita, na yanayotokea sentensi hizo zinapovuka na kuingia katika Kiswahili au zinapotoka humo. Suala hili halikomei darasani. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 75), katika kifungu cha 198, inaeleza kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na kwamba ile ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo maneno ya shahidi aliyesema kwa Kiswahili huweza kuandikwa kwa Kiingereza, na baadaye kuelezwa tena kwa Kiswahili. Kiambishi kimoja kikipotea njiani, tendo lililokuwa likiendelea huonekana limekwisha, au lililokwisha huonekana lilikuwa likiendelea.

"When" moja, nyakati tatu

Tazama sentensi hizi tatu za Kiingereza:

(1) "When the police arrived, the thief fled."
(2) "When the police arrived, the thief was fleeing."
(3) "When the police arrived, the thief had fled."

Kishazi tegemezi ni kilekile katika zote tatu. Kinachobadilika ni kitenzi cha kishazi kikuu, na mabadiliko hayo ndiyo yanayomwambia msomaji nani alitangulia. Katika sentensi ya kwanza polisi walifika ndipo mwizi akatoroka. Katika ya pili walimkuta mbioni. Katika ya tatu walikuta mahali patupu. Neno "when" lenyewe halisemi lolote kuhusu utaratibu huo. Linafunga tu matendo mawili katika fundo moja na kuviachia vitenzi kazi ya kulipanga fundo hilo.

Kwa Kiswahili sanifu sentensi hizo huwa: Polisi walipofika, mwizi alitoroka, Polisi walipofika, mwizi alikuwa akitoroka, Polisi walipofika, mwizi alikuwa ametoroka. Kufikia hapa lugha hizi mbili zinaonekana kama ndugu. Hata hivyo, sentensi ya tatu inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha 1947, alipendekeza kwamba nyakati za vitenzi zichanganuliwe kwa vituo vitatu: wakati wa kusema, wakati wa tendo, na wakati wa marejeo, yaani kituo ambacho msemaji anasimama akilitazama tendo. Katika "had fled", tendo liko kabla ya marejeo, na marejeo yako kabla ya kusema. Kiingereza kinayabana hayo yote katika "had" na umbo la kitenzi linaloifuata. Kiswahili kinaigawa hesabu hiyo katika vitenzi viwili vyenye nafsi mbili: "alikuwa" kinaweka marejeo katika wakati uliopita, na "ametoroka" kinasema kwamba, kwa aliyesimama pale, tendo limekwisha. Ni vigumu kupata mfano bora wa kumfundishia mwanafunzi nadharia ya Reichenbach kuliko kitenzi cha Kiswahili ambacho amekitumia tangu utotoni.

Isitoshe, Kiswahili kina njia ya nne ambayo Kiingereza hakina kwa sura hiyohiyo: Polisi walipofika, walikuta mwizi ametoroka. Hapa hakuna "alikuwa". Kitenzi "kuta" kimekwisha kuweka marejeo, basi -me- inahesabiwa kutoka hapo, wala si kutoka wakati wa kusema. Bernard Comrie, katika kitabu chake kuhusu wakati cha 1985, anatofautisha wakati unaopimwa moja kwa moja kutoka wakati wa kusema na ule unaopimwa kutoka tendo jingine lililotajwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Katika kishazi tegemezi, Kiswahili hupenda kupima kutoka tendo la kishazi kikuu. Kiingereza nacho hukivuta kitenzi cha kishazi tegemezi kirudi nyuma pamoja na kile cha kishazi kikuu.

"Wakati alikuwa akienda"

Katika insha za wanafunzi, na siku hizi hata katika taarifa za habari, husikika sentensi kama: Wakati mwalimu aliingia, wanafunzi walinyamaza. Hiyo ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. "Wakati" imewekwa mahali pa "when", na kitenzi kikaachwa kama kilivyo katika kishazi huru. Kiswahili sanifu kinadai urejeshi: Mwalimu alipoingia, au, kwa anayetaka kulitilia mkazo neno lenyewe, Wakati mwalimu alipoingia. Kiambishi -po- ndicho kinachokifanya kishazi kiwe tegemezi. "Wakati" ni pambo tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuliondoa neno hilo bila hasara, lakini hawezi kuiondoa -po-.

Kosa hilo lina jamaa zake. "Tangu aliondoka" ni jamaa wa "since he left". Kiswahili husema tangu alipoondoka, au tangu aondoke. "Baada alimaliza" husikika vinywani mwa wengi, ingawa wahariri huikamata. Fasaha ni baada ya kumaliza au alipomaliza. Kuhusu "until", lugha ina chaguo la ladha: walimngoja mpaka akafika, mpaka alipofika. La kwanza linasimulia, la pili linaweka mpaka wa muda.

Wapo wanaotetea matumizi ya "wakati" bila -po- kwa hoja kwamba lugha hubadilika. Hoja hiyo ni ya kweli kwa jumla, lakini hapa inapuuza kinachopotea. Anayesema "wakati mwalimu aliingia" huwa na kiunganishi kimoja tu cha kutumia, ilhali lugha ilimpa viwili vya kuchagua: alipoingia, yaani kituo kimoja cha wakati, na akiingia, yaani tendo likiwa bado linaendelea. Anayepoteza -po- huanza pia kusahau ni wapi -ki- ingefaa.

"Kabla" na tendo ambalo halikutokea

Hakuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinatofautiana kwa uzuri zaidi kuliko katika vishazi vya "before". Chukua sentensi:

(4) "He died before he saw his grandchildren."

Kitenzi "saw" ni cha wakati uliopita, tena cha kuyakinisha. Asiyeijua lugha hiyo vyema angedhani mzee aliwaona wajukuu wake. Hakuwaona. Kiingereza kinalitaja tendo kana kwamba lilitokea, kisha kinamwachia msomaji alikanushe kwa akili yake: aliyekufa haoni tena. Linganisha na sentensi nyingine yenye umbo lilelile:

(5) "He washed his hands before he ate."

Hapa chakula kililiwa. Umbo la kitenzi ni moja, lakini katika (4) tendo halikutokea kabisa na katika (5) lilitokea.

Kiswahili kwa (4) husema: Alifariki kabla hajawaona wajukuu wake. Kanusho limo ndani ya kitenzi. Kiambishi -ja- kinasema kwamba, katika saa ile ya kufariki, tendo la kuona lilikuwa halijafanyika. Hakisemi kama lingefanyika baadaye. Hilo linaamuliwa na maana ya sentensi nzima. Ndiyo maana umbo hilohilo linafaa pia kwa (5): Alinawa mikono kabla hajala. Wakati wa kunawa, alikuwa bado hajala, baadaye alikula. Ni utaratibu wa haki kwa msomaji, kwa kuwa unasema kile tu kinachojulikana katika kituo cha marejeo. Aidha, kishazi hicho hakibadiliki kishazi kikuu kinapohamia wakati ujao: Ataondoka kabla hajafika mgeni. Kama -ja- ingekuwa ikipimwa kutoka wakati wa kusema, sentensi hiyo isingewezekana.

Umbo la kitenzi-jina, kabla ya kula au kabla ya mgeni kufika, nalo ni sahihi, na waandishi wa sheria hulipenda kwa sababu halina wakati wala kanusho. Lisilokubalika ni "kabla alifika", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno na ambalo masikio ya Kiswahili hayajalizoea hadi leo.

Uzi wa masimulizi

Mwanaisimu Paul Hopper, katika makala yake ya 1979 kuhusu namna masimulizi yanavyotenganisha matukio ya mbele na ya nyuma, alitumia Kiswahili kuwa mojawapo ya mifano yake mikuu. Alionyesha kwamba matukio yanayokisukuma kisa mbele huchukua -ka-, na yale yanayotoa mandhari huchukua -ki-. Kiingereza kinayapata hayo kwa njia nyingine: mandhari huwekwa katika kishazi tegemezi, na tukio la mbele katika kishazi kikuu.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini insha nyingi huchosha. Mwanafunzi aliyezoea "after" huandika: Baada ya kuamka, nilinawa uso. Baada ya kunawa uso, nilikunywa chai. Baada ya kunywa chai, nilitoka. Kila tukio limetajwa mara mbili, mara moja kama habari na mara ya pili kama kishazi tegemezi cha habari inayofuata. Msimulizi wa Kiswahili angesema: Niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikatoka. Kitenzi cha kwanza kinaubeba wakati, vinavyofuata vinauazima. -ka- haina wakati wake yenyewe katika mfuatano kama huu, na hapo ndipo ulipo wepesi wake.

Matumizi ya "after" katika magazeti ya Kiingereza yameleta jambo jingine. Sentensi kama "A man died on Monday after the matatu he was travelling in collided with a lorry" haielezi wakati tu; inaeleza sababu, lakini kwa tahadhari ya mwandishi asiyetaka kutoa hukumu. Kiswahili cha habari kimeiga: Mtu mmoja alifariki Jumatatu baada ya matatu aliyokuwa akisafiria kugongana na lori. Sarufi yake haina kasoro. Ila kifo kimetangulia ajali katika mpangilio wa maneno, na msikilizaji wa redio, asiye na nafasi ya kurudi nyuma na kusoma upya, anapaswa kuigeuza sentensi kichwani. Matatu iligongana na lori siku ya Jumatatu, abiria mmoja akafa: hii ni fupi, inafuata mwendo wa mambo, na haimhukumu yeyote pia.

Pamoja na hayo, -ka- ina mpaka wake. Inakwenda mbele tu, hairudi. Msimulizi anayetaka kurudi nyuma ya uzi wake lazima aukate kwa "alikuwa ame-": Aliingia ndani akawasha taa. Mwizi alikuwa amekwisha kutoroka. Hapo Kiswahili na "had" ya Kiingereza vinakutana tena, na hilo lina manufaa kwa mwanafunzi wa fasihi anayechunguza mbinu rejeshi. Waandishi wa riwaya kwa Kiingereza kwa kawaida hulifungua rejeshi kwa "had" mara moja au mbili, kisha huteleza kimyakimya na kurudi kwenye wakati uliopita wa kawaida, msomaji akiwa amekwisha kuelewa alipo. Mfasiri anayeandika "alikuwa ame-" katika kila sentensi ya rejeshi hilo, kwa kudhani anadumisha uaminifu, huifanya aya yote ichechemee. Inatosha kuufungua mlango mara moja, kisha -li- na -ka- ziendelee na safari.

Jambo moja linafaa kutajwa kando. Walimu wa Kiingereza huikosoa sentensi kama "Walking home, the rain caught her", kwa kuwa kisarufi inaonekana mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. Kiswahili hakina ugonjwa huo: Akirudi nyumbani, mvua ilimkuta njiani. Nafsi a- imesimama ndani ya kitenzi na haiwezi kuchanganywa na mvua, ambayo ni ya ngeli nyingine.

Usemi wa taarifa

Katika Karatasi ya Pili ya mtihani wa KCSE, sehemu ya Matumizi ya Lugha, watahiniwa huombwa mara kwa mara kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Kanuni wanazokariri zinafanana mno na za Kiingereza: "leo" huwa "siku hiyo", "hapa" huwa "hapo", na -ta- huwa -nge-. Mbili za kwanza hazina ubishi mkubwa. Ya tatu inahitaji kutazamwa upya.

Kiingereza kina sheria ya ulinganifu wa nyakati. Kitenzi cha kusema kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi cha kishazi kinachofuata nacho hurudi nyuma: "is" huwa "was", "has sold" huwa "had sold", "will" huwa "would". Kwa hiyo "She said that she was ill" humaanisha kwamba aliposema alikuwa mgonjwa, ingawa sentensi hiyo inaweza pia kubeba maana ya ugonjwa uliokwisha. Kiswahili hakihitaji kurudi nyuma: Alisema kwamba ni mgonjwa. Kama mwandishi atasema Alisema kwamba alikuwa mgonjwa, msomaji ana haki ya kuelewa kwamba alikuwa amepona.

Kwa -ta- na -nge- tofauti ni kubwa zaidi. Alisema atauza shamba ni ahadi, au walau nia. Alisema angeuza shamba inamfanya msikilizaji angoje nusu ya pili: angeuza kama nini? Kama angepata mnunuzi? Kama ndugu wangekubali? Kiingereza kinatumia "would" kwa kazi mbili, kurudisha "will" nyuma na kujenga masharti, na msomaji wake amezoea kuzitenga. Kiswahili kina kiambishi kwa kila kazi. Kukilazimisha -nge- kibebe kazi zote mbili ni kuiazima shida ya jirani wakati nyumbani hakuna shida. Hii haimaanishi kwamba kila -nge- katika usemi wa taarifa ni kosa. Kama msemaji mwenyewe aliweka sharti, -nge- ilikuwako tangu mwanzo na inabaki.

Shahidi na mkalimani

Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo hufanya kazi kwa kasi, na vishazi tegemezi ndimo mitego ilimo. Fikiria, kwa mfano wa kubuni, shahidi anayesema: Aliniambia ana kisu. Kwa Kiingereza sanifu hilo huandikwa "He told me he had a knife", na ndivyo ipasavyo. Lakini sentensi hiyo iliyoandikwa ikielezwa tena kwa Kiswahili na mtu anayeifuata "had" neno kwa neno, inakuwa: Aliniambia alikuwa na kisu. Kisu kilichokuwa mfukoni wakati wa mazungumzo kimegeuka kisu cha siku zilizopita.

Kiambishi -me- ni hatari zaidi. Kwa vitenzi vya hali, kama vile lala, simama, vaa, shika na choka, -me- haitaji tendo lililokwisha bali hali iliyopo. Nilimkuta amelala ni "I found him asleep". Nilimwona amevaa koti jeusi ni "I saw him wearing a black coat", kwa umbo la Kiingereza la tendo linaloendelea. Mwanafunzi aliyekariri kwamba -me- ni "had" husema "I saw he had worn a black coat", na wakili wa upande wa pili anaweza kuuliza kwa haki: je, alikuwa amekwisha kulivua? Kinyume chake, "He was wearing a coat" ikifasiriwa kuwa alikuwa akivaa koti, humwonyesha mtu akiingiza mikono, labda anajiandaa kuondoka.

Kwa vitenzi vya tendo, hali hugeuka. Nilimkuta akifungua mlango na nilimkuta amefungua mlango hutofautiana kwa kiambishi kimoja. Katika la kwanza shahidi aliuona mkono ukiwa kwenye kitasa; katika la pili aliukuta mlango wazi na mtu karibu yake, na mengine akayakisia. Mkalimani asiye na hakika ya alichosikia hana budi kuomba ruhusa ya hakimu na kumuuliza shahidi tena: ulipofika, mlango ulikuwa tayari wazi, au ulimwona akiufungua?